ALIYEIBIWA ASILIPISHWE MARA YA PILI



Kila Serikali inapotangaza kwamba imerejesha mali ya umma iliyofujwa, habari hiyo hupambwa kwa herufi kubwa na mawakili wake hupongezana. Sisi tulioko Lokori, kandokando ya mto Kerio, hubaki na maswali mawili. Fedha hizo zimetoka mfukoni mwa nani? Na zimerudi mikononi mwa nani? Pasipo majibu ya maswali hayo, neno "kurejesha" ni tarumbeta tupu. Tunasema waziwazi katika toleo hili kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini juhudi za kisheria za kudai fedha za umma zimekwenda kombo: aliyekula hatapiki, aliyeibiwa hapati, na mara nyingine yule yule aliyeibiwa ndiye anayetozwa fidia ya wizi aliotendewa.

Hili la mwisho si fumbo wala chumvi. Wazee wa Turkana wanaukumbuka mradi wa Arid Lands. Ulianza mwaka 1996 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaingia awamu ya pili mwaka 2003, na wilaya ya Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya kame ulizokusudiwa kuzisaidia tangu mwanzo. Shabaha yake ilikuwa njema: kutoa onyo la mapema kabla ya ukame, kuchimba visima, kutibu mifugo, na kuzipa jamii fedha za miradi midogo waliyoichagua wenyewe. Mwaka 2011 wakaguzi wa Benki hiyo walitoa ripoti ya uchunguzi wa hesabu za baadhi ya wilaya walizozichagua, na za makao makuu ya mradi. Asilimia 62 ya matumizi waliyoyachambua waliyaweka katika mafungu mawili, ama yanashukiwa kuwa ya udanganyifu, ama yanatia shaka. Kulikuwa na stakabadhi za mafuta, za safari na za semina ambazo hazikuweza kuaminika. Awamu mpya ya mradi iliyokuwa ikitarajiwa haikuja.

Kisha ukafika wakati wa kurejesha. Benki ilidai fedha zilizotumiwa visivyo, na Kenya ikakubali kulipa zaidi ya shilingi milioni 300. Nani alilipa? Je, ni mhasibu aliyeidhinisha vocha? Ni mkubwa aliyetia sahihi safari ambayo gari halikusafiri? La hasha. Ililipa Hazina ya taifa, maana yake alilipa mama anayenunua sukari na sabuni katika duka la Lokori na kutozwa kodi pasipo kujua. Mama huyo ndiye aliyekuwa achimbiwe kisima. Alinyang'anywa maji kwanza, kisha akatozwa fedha za kumrudishia mkopeshaji kile ambacho yeye hakukila. Mkopeshaji alipata haki yake yote. Mwananchi hakupata hata barua ya kuombwa radhi.

Wasomaji wetu wa makanisani wanaijua sheria aliyopewa Musa katika kitabu cha Kutoka. Aibaye ng'ombe akamchinja au akamwuza hulipa ng'ombe watano kwa mmoja. Aibaye kondoo hulipa wanne. Hakuna mahali ambapo sheria ile inamwagiza mwenye zizi lililovunjwa achangie malipo. Wala wazee wetu, wanapoketi chini ya mti kuamua kesi ya mifugo, hawajawahi kumwambia aliyeibiwa atoe mbuzi ili amani ipatikane. Huuliza alama ya mnyama, huuliza nani alionekana naye, na malipo hutoka zizini kwa mkosaji, au kwa jamaa zake akishindwa, hadi kwa mwenye mali. Watu ambao Nairobi imekuwa ikiwaita washamba wanajua kanuni ambayo wasomi wa fedha wameshindwa kuitekeleza.

Tukiwa bado hapo, tuseme neno moja kuhusu Zakayo. Vijana wa Kenya walilitumia jina hilo miaka ya 2023 na 2024 kumkejeli Rais kwa wingi wa kodi, na kejeli hiyo ilivuma mpaka mitaa ya Lodwar. Lakini katika Injili ya Luka Zakayo hakusifiwa kwa kutoza. Wokovu ulifika nyumbani mwake siku alipotamka kwamba yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuahidi kuzirudisha kwa Kaisari. Aliahidi kuwarudishia waliodhulumiwa.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi, maana tusije tukaambiwa kwamba tunahubiri tu. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ina kifungu cha 226, na katika kifungu hicho ibara ya 5 inasema jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi kutoka Kapedo hadi Lokichoggio. Mwenye ofisi ya umma, akiwamo mwenye cheo cha kisiasa, akielekeza au kuidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria au maagizo, yeye mwenyewe anawajibika kwa hasara itakayotokea, na ataifidia, awe bado yumo ofisini au amekwisha kuondoka. Soma tena, ndugu msomaji. Katiba haikusema idara italipa, wala kaunti italipa, wala Hazina italipa. Imesema mtu atalipa.

Kabla ya hapo palikuwa na Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, ambayo nayo inamfanya aliyeisababishia Serikali hasara kwa ufisadi awe mdaiwa wa fidia, na inaruhusu mali isiyoelezeka itwaliwe kwa amri ya mahakama. Mwaka 2009 ikaja sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha, ikaunda Shirika la Urejeshaji Mali. Mwaka 2011 ikaundwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ile EACC. Zana zimo ghalani tele. Aidha, ni muhimu sana watu wetu waelewe kwamba kesi ya kudai mali haihitaji kwanza mtu ahukumiwe kifungo. Jinai huthibitishwa pasipo shaka ya maana. Madai ya fedha hupimwa kwa mizani ya upande upi una uzito zaidi. Kwa hiyo mkubwa anapotuambia "mahakama imemwachilia fulani, yamekwisha", anatuuzia mbuzi aliye ndani ya gunia. Kifungo ni jambo moja, deni ni jambo jingine.

Historia ya jambo hili inasikitisha. Vyama vingi viliporudishwa Disemba 1991, baada ya kifungu cha 2A kuondolewa katika Katiba ya zamani, wengi tuliamini kwamba upinzani ukiwamo Bungeni wizi ungekoma kwa aibu tu. Miaka hiyo hiyo ndiyo Goldenberg ilikuwa ikinona. Kampuni ya Kamlesh Pattni ililipwa mabilioni kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haikuwa na almasi za kuuza, na dhahabu yake ilikuwa ya kuhesabika. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, ndiye aliyetoa nyaraka zilizofikishwa Bungeni mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa, lakini kazi hakurudishiwa, na alikufa maskini mwaka 2006. Mwaka huo huo tume ya Jaji Samuel Bosire ilikuwa imetoa ripoti yake. Mwaka 2008 Pattni aliisalimisha hoteli ya Grand Regency kwa Benki Kuu, na hoteli hiyo ikauzwa kwa kampuni ya Libya katika mazingira yaliyozua kelele kubwa hata Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, akajiuzulu Julai 2008. (Tume iliyoundwa baadaye ilimwondolea lawama, naye akarejea katika Baraza la Mawaziri.) Machi 2013 Jaji Joseph Mutava alizima mashtaka ya Goldenberg, jaji huyo naye aliondolewa kazini baadaye baada ya jopo kuchunguza mwenendo wake. Katika mzunguko huo wote, tuonyesheni mtaa mmoja, shule moja, zahanati moja iliyojengwa kwa fedha zilizokombolewa kutoka Goldenberg.

Chombo cha kupambana na rushwa kilichoundwa mwaka 1997 kilivunjwa na Mahakama Kuu Disemba 2000 kwa hoja za kikatiba. Anglo Leasing ikafuata. Hapo Serikali ilifanya ajabu ya karne: mwaka 2014, baada ya kushindwa kesi ng'ambo na ikitaka kwenda kukopa katika masoko ya dunia bila doa, ilizilipa kampuni za mikataba hiyo shilingi bilioni 1.4. Nchi iliyosema imeibiwa ndiyo iliyowalipa waliodaiwa kuiibia. Hatuna la kuongeza.

Lakini jambo lililo karibu zaidi na ngozi yetu ni la mto Kerio wenyewe. Msomaji wa Kakuma huenda akauliza, mabwawa ya Elgeyo Marakwet yanatuhusu nini sisi Waturkana? Yanatuhusu kwa maji. Mito ya Arror na Kimwarer inateremka kutoka katika miinuko ya huko na kuingia Kerio, na Kerio ndiyo inayopita hapa Lokori, ikinywesha mtama na mahindi ya skimu ya Morulem, kabla ya kwenda kuishia ziwani Turkana. Anayeshika bomba la juu ndiye anayeamua nani wa chini atakunywa. Kwa hiyo mabwawa mawili yalipotiwa sahihi mwaka 2017, chini ya Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Kerio na kwa ubia wa kampuni za Italia ukiongozwa na CMC di Ravenna, ilikuwa haki yetu kuambiwa. Hatukuambiwa. Tulikuja kuyasikia katika habari za polisi.

Julai 2019 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Noordin Haji, aliagiza Waziri wa Fedha Henry Rotich akamatwe na wengine kadhaa. Alidai kwamba mkataba uliopaswa kugharimu shilingi bilioni 46 ulivimbishwa hadi kufikia bilioni 63, na kwamba mabilioni yalikuwa yamekwisha kulipwa kama malipo ya awali na ya bima ilhali hakuna bwawa lililoonekana. Ile kampuni ya CMC ilikuwa imekwisha kuomba kinga ya kufilisika kwao Italia mwishoni mwa mwaka 2018. Septemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliufuta mradi wa Kimwarer, baada ya wataalamu kueleza kwamba bei yake ilikuwa imepandishwa mno, na kwamba uchunguzi pekee uliowahi kufanywa wa mradi wa aina hiyo ulikuwa wa miaka 28 nyuma, na tena uchunguzi huo ulikuwa umegundua ufa wa kijiolojia ardhini. Ufa! Wakajua kuna ufa, wakalipa hata hivyo.

Machi 2023 Rais William Ruto, akiwa na Rais Sergio Mattarella wa Italia jijini Nairobi, alitangaza kwamba nchi mbili zimepatana, madai yaliyokuwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa yangeondolewa na mabwawa yangefufuliwa. Kumbuka ni nani aliyempeleka nani kwa wasuluhishi. Ni kampuni zilizoidai Kenya. Halafu tarehe 14 Disemba 2023 Hakimu Eunice Nyutu aliwaachilia huru Rotich na wenzake, akiwakemea waendesha mashtaka kwa namna walivyoiendesha kesi, hata wakashindwa kuwahoji mashahidi wao wenyewe ipasavyo. Mwaka uliofuata Rotich akawa mshauri katika ofisi ya Rais.

Hapa tuwe waangalifu kama wapenda haki wa kweli. Sisi hatumwiti mwizi mtu ambaye mahakama imemwachilia, wala jarida hili halitakuwa jukwaa la kuwahukumu watu mara ya pili. Mshtakiwa aliyeachiliwa ameachiliwa. Hasira yetu inaelekea kwingine. Fedha zilitoka Hazina, hilo halibishaniwi. Bwawa halipo, twendeni pamoja Kimwarer tukaangalie. Kati ya fedha zilizotoka na bwawa lisilokuwapo kuna hasara, na Katiba inasema hasara ina mwenyewe. Kama hakimu amesema si hawa, basi wakili wa Serikali atuambie ni nani. Aliyeandika makadirio ya bei ana jina. Aliyepitisha mradi bila uchunguzi mpya wa ardhi ana jina. Aliyeidhinisha malipo ya awali kabla ya ardhi kupatikana ana jina. Inakuwaje basi nchi nzima inaambiwa ifunge jalada, deni lilipwe kidogo kidogo na walipa kodi, na mto wetu urudishwe mezani kwa mazungumzo yale yale ya chinichini?

Wala si mara ya kwanza mto wa Turkana kufanywa kitega uchumi cha wakubwa. Bwawa la Turkwel, lililojengwa na Wafaransa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa megawati 106, lilipewa mkandarasi bila zabuni ya ushindani. Achim Kratz, aliyekuwa mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi, aliandika mwaka 1986 kwamba bei yake ilizidi mara mbili ile ambayo Kenya ingelipa kwa zabuni ya wazi, na kwamba maofisa waliohusika waliyajua mapungufu ya mpango huo lakini waliukubali kwa faida zao binafsi. Umeme ukapandishwa nyaya kuelekea kusini. Lodwar, ambako mto wenyewe unapita, iliangazwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Kesi ya kudai ile ziada ya bei haikufunguliwa wakati ule, na haikufunguliwa baada ya mwaka 2002 waliokuwa upinzani walipoingia Ikulu. Wale wanaodhani kubadilisha chama peke yake kunatosha wakitafakari kisa hiki cha Turkwel.

Serikali hujitetea kwamba kufuata mali iliyofichwa ni kazi ngumu, mawakili wa mafisadi ni wajanja, mashahidi hutoweka. Kweli ni kazi ngumu. Lakini tazama kisiwa kidogo cha Jersey. Februari 2016, kampuni ya Windward Trading, iliyomilikiwa na Samuel Gichuru aliyekuwa mkuu wa Shirika la Umeme la Kenya, ilikiri mbele ya mahakama ya Jersey mashtaka manne ya utakatishaji fedha, na zaidi ya pauni milioni 3 zikatwaliwa. Mwaka 2022 Jersey ilikubaliana na Kenya kuzirudisha, na makubaliano yakaeleza zitanunua nini: vifaa vya matibabu. Uingereza nayo, baada ya kuihukumu kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman kwa kuwahonga maofisa wa uchaguzi na wa mitihani wa Kenya, mwaka 2017 ilirudisha sehemu ya fedha hizo, zikanunua magari ya wagonjwa. Hizo ni fedha ndogo, tunakubali. Jambo la kuangalia ni utaratibu. Wageni walipozirudisha walitaja kitu, na mtu yeyote angeweza kwenda kukitafuta akigusie mkono. Fedha zinapokombolewa na vyombo vyetu wenyewe huingia hazina kuu, zikachanganyika na nyingine, na alama ya mnyama ikafutika. Mfugaji anajua maana ya kufuta alama.

Jirani zetu wa Karamoja, ambao tunasikilizana nao lugha, walipatwa na kisa cha mabati mwaka 2023. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu maskini wa huko yalikutwa kwa vigogo wa Uganda. Mawaziri walifikishwa mahakamani, na wengine waliyarudisha mabati kwa haraka walipoona moto unawaka. Kurudisha ni afadhali kuliko kukatalia. Lakini yalirudishwa Kampala, na kule Karamoja mvua haingojei makarani wa Kampala.

Sasa tuwageukie watu wetu, maana si haki kuisema Nairobi tu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Turkana imekuwa miongoni mwa kaunti zinazopokea mgao mkubwa kabisa wa fedha kutoka kwa Serikali kuu. Udhuru wa kwamba tumesahaulika haututoshi tena. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatakiwa na kifungu cha 229 kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge la Kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ni wangapi kati yetu wamewahi kumwuliza mwakilishi wao wa wodi ripoti hiyo ilisema nini, na alisimama kusema nini siku ilipojadiliwa? Tunamuuliza habari za basari na harambee ya mazishi. Hilo la hesabu tunamwachia.

Na ofisa mmoja akiitwa na wapelelezi, tunajua kinachofuata. Wazee hupandishwa gari, hupelekwa mbele ya waandishi wa habari, wakasema jamii yetu inaonewa, mtoto wetu anawindwa kwa sababu za kisiasa. Mtoto wetu yupi? Aliyekula dawa ya mifugo yetu? Wakati wa chama kimoja tulilia kwamba Serikali haituheshimu kama raia. Basi tuache kuwakinga wanaotudharau kwa ulimi wetu wenyewe. Mwizi wa kabila letu hatuibii kwa upole zaidi ya mwizi wa kabila jingine.

Kanisani nako kuna kazi. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ya michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia moja ya jiji, na akaagiza irudishwe kwa wenyewe. Wapo waliomcheka, wakisema kanisa lina shida ya paa. Sisi tunasema alifungua mlango ambao kanisa la Turkana, la kila madhehebu, linapaswa kuupita. Mchungaji au padri anayepokea bahasha nene kutoka kwa mtu ambaye hesabu za idara yake hazijajibiwa anamsaidia kufuta alama ya mnyama. Bahasha hiyo ilikuwa kisima. Isemwe hivyo madhabahuni, kwa upole lakini kwa sauti.

Tunadai mambo manne, na hatutachoka kuyarudia. Kwamba Mwanasheria Mkuu na EACC wafungue madai ya fidia chini ya kifungu cha 226 dhidi ya watu binafsi, kwa majina, kila Mkaguzi Mkuu anapotaja hasara isiyo na maelezo, badala ya kungoja kesi ya jinai iishe au ife. Kwamba Serikali itangaze hadharani masharti yote ya mapatano ya mabwawa ya Kerio, yaliyolipwa na yatakayolipwa, na wananchi wa bonde lote, wa juu na wa chini, wasikizwe kabla ya jembe kugusa ardhi. Kwamba fedha zinazokombolewa zirudi katika kaunti na kazi zilikoibiwa, zikiwa na alama yake, na si kumezwa katika hazina kuu. Na kwamba kamwe, kwa mkopeshaji yeyote, mlipa kodi asilipe kwa niaba ya ofisa anayejulikana. Kama Hazina inalazimika kulipa kwanza ili nchi isivunje ahadi, basi siku hiyo hiyo imdai aliyesababisha. Sheria ya ukomo wa madai haimkingi aliyeipoteza mali ya umma kwa kuwa miaka imepita. Hata wale wa Arid Lands bado wanaweza kudaiwa.

Tunaomba kila kamati ya eneo na kila baraza la parokia lichague watu wawili wanaoweza kusoma hesabu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo ina siku 21 za kutoa uamuzi. Andikeni barua fupi, kwa Kiswahili, kwa adabu: mwombeni Karani wa Bunge la Kaunti kule Lodwar nakala ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu na ya mjadala wake, mwombeni Mkurugenzi wa Mamlaka ya Bonde la Kerio orodha ya malipo yote ya Arror na Kimwarer, na mpango wa maji yatakayoachwa yateremke kuja Morulem. Wekeni nakala yenye muhuri wa siku ilipopokewa. Wasiojua kuandika watie alama ya kidole, ni sahihi halali. Mtuletee nakala hizo Lokori, kwa mkono au kwa gari la Lokichar, na katika matoleo yajayo tutachapisha kila barua, tarehe yake, jina la ofisi iliyoipokea, na jibu lililotolewa au idadi ya siku za kimya.